Albano Nambunga na Mota za Mashine Zisizotengenezwa Tena

Baba Paroko, wazee wetu, majirani wa Temeke, wafanyakazi wenza wa marehemu, na ndugu mliosafiri siku mbili kutoka Masasi, shikamooni wakubwa wote. Naitwa Filomena, ni mtoto wa tatu wa marehemu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake kabla hatujaondoka kwenda makaburini. Nitasoma taratibu, na pale nisipokuwa na hakika na tarehe nitasema kwamba sina hakika.

Marehemu Albano Fransis Nambunga alizaliwa tarehe 14 Machi 1929, jirani na misheni ya Lukuledi, wilaya ya Masasi, akiwa mtoto wa pili wa Mzee Fransis Nambunga, mchonga mipini ya majembe na vinyago, na Bibi Adelina, ambao wote wametangulia. Alibatizwa tarehe 31 Machi mwaka huo huo, Jumapili ya Pasaka. Karatasi zake za kazi zinasema alizaliwa mwaka 1931, hilo ni kosa la karani aliyemkadiria kwa macho, sisi tumefuata cheti cha ubatizo, na hata msalaba umeandikwa hivyo.

Alisoma shule ya misheni ya Lukuledi kuanzia mwaka 1938 hadi 1944, kisha akapelekwa karakana ya misheni ya Ndanda, ambako alijifunza ufundi wa umeme kwa miaka minne, chini ya bruda mmoja ambaye baba alilitamka jina lake kwa namna tofauti kila mara, kwa hiyo sikuliandika. Alimaliza Novemba 1948, akakaa nyumbani mwaka mmoja na miezi kadhaa akisaidia shamba la korosho, na mwezi Juni 1950 akaja Dar es Salaam, akafikia kwa mjomba wake Kurasini, akabeba mizigo bandarini kwa miaka miwili.

Tarehe 3 Septemba 1952 aliajiriwa na duka la vifaa vya umeme katikati ya mji, lililouza na kutengeneza mashine za kufyonza vumbi, zile zinazoitwa vakyumu, ambazo wakati ule zilikuwa katika nyumba za Wazungu na ofisi kubwa tu. Kwa wasiozifahamu, mashine hiyo ni mota ndogo yenye mwendo mkali, inazungusha feni, hewa inavutwa, vumbi linabaki kwenye mfuko. Nyumbani kwetu haikutumika hata siku moja, kwa sababu hatujawahi kuwa na zulia, mama alifagia, na baba alitengeneza vakyumu za watu wengine kwa miaka thelathini na moja.

Kazi yake hasa ilikuwa kusuka mota. Mota ikiungua, waya wa shaba uliomo ndani hutolewa na kusukwa mwingine, na idadi ya mizunguko ya waya lazima iwe ile ile iliyotoka kiwandani, ikipungua mota inaungua tena, ikizidi inakosa nguvu. Kwa sababu hiyo kila aina ya mashine iliyopita mikononi mwake aliihesabu, akaandika kwenye kauntabuku, na kwa kuwa majina ya viwandani yalikuwa magumu alizipa majina yake mwenyewe, Pipa Refu, Bwana Tumbo, Kobe Mwekundu, na mengine ambayo Baba Paroko ataniwia radhi nisiyasome.

Tarehe 12 Septemba 1953, siku ya Jumamosi, alifunga ndoa na mama yetu, Eufrazia Alfonsi, katika kanisa la Lukuledi, akarudi naye mjini baada ya wiki mbili. Walijaliwa watoto watano, Fransis aliyezaliwa 1955, Adelina 1957, mimi 1960, Wilbert 1963, na Tekla, aliyezaliwa tarehe 2 Februari 1966 na kufariki tarehe 9 Februari mwaka huo huo. Wajukuu ni wanne.

Baada ya Uhuru, Desemba 1961, wenye vakyumu wengi waliondoka, mashine zikabaki kwa wapishi na watumishi, au zikauzwa mnadani na kuishia stoo za ofisi. Viwanda vya Ulaya viliendelea kubadili miundo, na kuanzia mwaka 1964 duka lilipoagiza vipuri lilijibiwa kwa barua fupi kwamba muundo huo hautengenezwi tena. Kila barua ilipofika, baba aliandika maneno hayo hayo kwenye kauntabuku, pembeni ya jina la mashine husika, haitengenezwi tena, pamoja na tarehe. Mwaka 1967 duka lilifungwa, na tarehe 15 Januari 1968 akaajiriwa katika karakana ya shirika moja la umma, Chang'ombe, ambako alifanya kazi na Mzee Nassibu wa Kiwalani, aliyekaa hapo mbele, hadi alipolazwa.

Wenzake wa Chang'ombe wameniomba niseme neno kuhusu aliyoyaamini juu ya mota hizo. Baba alisema kwamba kiwanda kikiacha kutengeneza mashine, mota yake haijui, na kwamba vumbi ilikuwa kazi yake ya kwanza tu, kwa kuwa mota hiyo ni nyepesi, ina mwendo mkali, na inaweza kuendesha chochote kinachovuta au kupuliza. Mwaka 1974 alichukua mota za Bwana Tumbo tatu, kwa kibali cha shirika na barua tunayo, akatengeneza vipulizio vya moto kwa wahunzi wa Vingunguti waliokuwa wakifua majembe ya vijiji vya ujamaa, na kimoja kinafanya kazi mpaka leo. Mzee Nassibu alimtania kwamba amewageuza mabwana wa Oysterbay, kule kwa Wazungu, kuwa wakulima, baba akajibu, "Na wewe ukistaafu nitakutafutia kazi ya kupuliza."

Sasa nafika mahali ambapo ndugu wamenishauri nipaache, lakini bila hapo yanayofuata hayataeleweka. Desemba 1978, nikiwa likizo ya kidato cha tano, niliiona ile kauntabuku imeoza kwa grisi na jalada limetoka, nikajitolea kuinakili upya kwa wino. Ilikuwa na aina arobaini na moja za mota. Kumi na tano nilizinakili. Ishirini na sita, zilizoandikwa pembeni haitengenezwi tena, niliziacha, nikidhani hazina kazi, na kauntabuku ya zamani nikampa mama ya kuwashia jiko la mkaa, nikimwambia imekwisha kazi. Mama asilaumiwe kwa hilo. Baba aliporudi alifungua daftari jipya, akalipitia ukurasa kwa ukurasa, akaniambia, "Mwanangu, umeandika vizuri sana. Ila hizi ulizoziandika, Dar es Salaam nzima ni za kutafuta. Hizo mpya zililetwa moja moja tu. Tulizonazo ni zile zingine." Hakunipiga, hakuinua sauti, alikwenda kunawa.

Tangu siku hiyo, kila mashine ya zamani iliyoungua iliyoletwa kwake aliifungua, akatoa waya mzunguko kwa mzunguko, akihesabu, akaandika upya. Kufikia mwaka huu alikuwa amerudisha aina kumi na saba kati ya zile ishirini na sita. Zilibaki tisa, na Kobe Mwekundu ilikuwa mojawapo.

Mwezi Oktoba 1981, siku sikuiandika, Sista Demetria, muuguzi wa wodi ya wazazi katika zahanati yetu, alimletea mashine ya kuvuta makamasi kooni mwa watoto wachanga wanaozaliwa wakishindwa kupumua. Mota yake ilikuwa imekufa na mpya ilikuwa haipatikani. Baba alikuwa na Kobe Mwekundu mmoja mzima, akaitoa mota yake kama ilivyo, bila kuifungua, kwani kuhesabu kungeiua, akaifunga kwa mkanda kwenye pampu, na mashine ikafanya kazi mwaka mmoja na miezi tisa. Tarehe 21 Julai mwaka huu mota hiyo iliungua. Alipoifungua alikuta waya umeshikana na kuwa donge moja jeusi lisilohesabika. Waya mpya Mzee Nassibu aliupata, ufundi ulikuwepo, kilichokosekana ni idadi, na idadi ilikuwa kwenye ukurasa ambao mimi sikuunakili. Tangu Julai Sista Demetria na wenzake wanavuta kwa mdomo na mpira.

Marehemu aligundulika kuwa na kisukari tarehe 8 Mei 1976, akafuata masharti kwa kadiri chakula kilichopatikana kilivyomruhusu. Agosti mwaka huu alipata kidonda mguu wa kushoto alipokuwa akizunguka Kiwalani na Vingunguti kutafuta Kobe Mwekundu mwingine wa kumhesabu, na tarehe 19 Septemba alilazwa Muhimbili, ambako alikatwa mguu tarehe 27. Kila nilipofika aliniuliza, "Kobe kapatikana?" na kila siku nilimjibu, "Bado, baba." Tarehe 11 Oktoba jioni aliuliza tena, nilifikiri kumwambia amepatikana, lakini angeniuliza idadi, nikajibu bado. Akasema, "Haya, mtazame kwa wapishi wa zamani." Jumatano tarehe 12 Oktoba 1983, saa nne na dakika arobaini asubuhi, alifariki dunia, akiwa na umri wa miaka hamsini na minne. Nilikuwepo. Adelina alikuwa ametoka kufuata maji.

Jina lake lilisomwa redioni jioni ile katika matangazo ya vifo. Jana, Alhamisi, saa saba mchana, alifika hapa msibani Mzee Adelard wa Vingunguti, ambaye hatukuwa tukimfahamu, aliyekuwa mpishi Oysterbay, akiwa amebeba kitu kilichofungwa kwa shuka. Alitupa pole, akasema alisikia redioni fundi wa vakyumu amefariki, akakumbuka kwamba mwezi Agosti mtu mmoja alipita mtaani kwao akiuliza, naye hakuwepo. "Mzungu aliniachia siku anapanda ndege, mwaka sitini na mbili," alisema, "akaniambia itanifaa. Itanifaa na nini, umeme wenyewe sina. Imekaa chini ya kitanda, mafuriko mawili imeyaona." Alipofungua shuka, ilikuwa Kobe Mwekundu. Mhimili umeliwa na kutu, na sehemu inayopokea kaboni imepasuka, haitazunguka tena, lakini waya ulikuwa mzima.

Mzee Nassibu alipoomba tuihesabu pale pale, Baba mdogo Anselmo aliuliza, "Hapa ni msibani au karakana? Kaka yangu bado hajazikwa," na hakukosea kuuliza. Mama akasema, "Waacheni wahesabu. Mwenyewe angeanza kabla hata ya kumpa mgeni chai." Basi Mzee Nassibu aliketi nyuma ya turubai, akatoa waya, nami nikahesabu.

Kwa niaba ya familia naomba radhi kwa wote walionijia jana kati ya saa nane na saa kumi na moja kunipa mkono wa pole, nami sikuinua kichwa wala sikuitikia, hasa Mama Benedikto, aliyesimama mbele yangu muda mrefu akilia. Sikuwadharau. Anayehesabu akijibu salamu anaanza upya, na mara mbili nilianza upya.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Muhimbili waliomhudumia kwa siku ishirini na tatu, wakati mwingine bila dawa mkononi, lakini hawakumwacha. Tunamshukuru mjumbe wa nyumba kumi aliyetupatia kibali cha sukari na unga wa msiba huu, majirani waliotoa viti, masufuria na maji, shirika lililotoa lori na dizeli, wanakwaya, na Mzee Nassibu, ambaye ameahidi kuanza kuisuka mota ya wodi ya wazazi Jumatatu asubuhi. Tunamshukuru Mzee Adelard.

Naomba pia mwenye vakyumu ya zamani, hata iliyokufa, asimpe mtu achomoe shaba, atuletee ikiwa haijafunguliwa, kwani zimebaki aina nane.

Jambo la mwisho nimeliomba kwa Baba Paroko, naye amekubali. Kobe Mwekundu, rota, ile sehemu inayozunguka, ina mifereji ishirini na miwili, kila koili mizunguko thelathini na miwili, waya wa unene namba thelathini na tatu. Koili za pembeni ni mbili, kila moja mizunguko mia moja tisini na sita, waya namba ishirini na nane. Imehesabiwa mara tatu, tarehe 13 Oktoba 1983. Nimeisoma mbele ya watu wote ili isikae tena kwenye karatasi moja, na Sista Demetria, ambaye yuko hapa, anayo nakala, Mzee Nassibu anayo, na ya tatu iko mfukoni mwa koti alilovaa baba.

Amepatikana, baba. Pumzika sasa kwa amani.