Serikali Imejibu?

Weldon: Haloo! Haloo, unanipata?

Shirley: Nakupata. Ni nani?

Weldon: Ni nani tena! Chamgei, hujambo! Mpe mpinzani simu.

Shirley: Hapa kwa simu ya baba pameandikwa "Serikali".

Weldon: (anacheka) Huyo Ndung'u! Aliniandika hivyo tangu nipewe kuendesha ukurasa wa chama tawala mtandaoni. Ni Shirley?

Shirley: Ndiye. Habari yako, Baba Dorine.

Weldon: Mzuri sana, mama. Nimepanda juu huku Boito, kwa kituo cha kupimia majani chai, ndiko network iko. Mwite mzee.

Shirley: Baba Dorine—

Weldon: Ngoja nimalize, kredo ni kidogo. Mwambie chama kimebadilika! Wakubwa wamesema tuingie mtandaoni tujadiliane na watu, si kutangaza tu. Jumamosi, mbele ya kila mtu. Na wanataka mtu wa kupinga. Wa ukweli, si wa kukodisha. Nikasema huyo ninaye, yuko Chepseon, anauza mbegu—

Shirley: Hebu nisikize—

Weldon: Maana ukurasa umekufa, Shirley! Nikiandika habari za asubuhi, "Mungu akubariki mheshimiwa." Nikiandika ng'ombe hutaga, "Mungu akubariki mheshimiwa." Mtu akikubaliwa hivyo miezi miwili anaanza kujiogopa. Namtaka baba yako na lile swali lake—

Shirley: "Daraja limezinduliwa mara tatu, litajengwa lini?"

Weldon: Hilo! Mbaya sana huyo! Mwite.

Shirley: Tulimzika Alhamisi.

[Mtandao unakwaruza.]

Weldon: Haloo? Umepotea kidogo. Alhamisi nini?

Shirley: Umesikia, Baba Dorine.

Weldon: Ndung'u? ... Ndung'u gani?

Shirley: Wako.

Weldon: Na hakuna mtu aliniambia? Shirley, hata simu moja? Mimi?

Shirley: Simu alikataa. Alishikwa na mapafu, wiki tatu hospitali. Nikamwambia nimpigie rafiki yako? Akasema, "Nikimpigia atanibembeleza. Mambo ya watu tunajibiana mbele ya watu." Akawa anakuandikia hapo kwa ukurasa wenu, na mpira wa hewa puani. Kila asubuhi, "Shirley, Serikali imejibu?"

Weldon: Kila asubuhi?

Shirley: Hata tangazo la mazishi niliandika hapo hapo, kwa simu yake hii. Aliniagiza. "Weka pale, Weldon ataona." Kwa programu tukaandika: Rafiki wa marehemu, dakika kumi. Ilikuwa wewe.

Weldon: Woi.

Shirley: Tulichelewesha jeneza saa nzima. Pasta anaangalia saa, mimi naangalia barabara. Kila gari likipunguza mwendo nasema ni yeye.

Weldon: Shirley, mama yangu—

Shirley: Jioni nikafungua ukurasa kwa simu yangu. Tangazo halipo. Swali la daraja halipo. Hakuna neno hata moja la baba. Nikashika hii yake, yote yapo. Hiyo hufanywaje, Baba Dorine?

[Upepo.]

Weldon: Kuna mahali mtu anabonyeza. Ya mtu fulani yote yanafichwa. Yeye mwenyewe anayaona, anadhani kila mtu anayaona.

Shirley: Mtu gani anabonyeza?

Weldon: Wageni walikuwa wanakuja kwa daraja. Niliambiwa kutoka juu nimfiche, wiki moja tu. Halafu nikasahau—

Shirley: Hukusahau.

Weldon: Sikusahau. Niliona haya kufungua. Ningekuta yote aliyoniandikia.

Shirley: Mama alimwambia, "Huyo rafiki yako amekuchoka." Unajua baba alivyowaka? Akang'oa ule mpira. "Mtu aliyelala langoni kwangu siku nne na rungu akinilinda, mwaka ule wa kuchomeana nyumba, leo aogope swali la daraja? Ni network!"

Weldon: Ngoja kidogo. Ngoja, mama.

[Kwa mbali sauti inaita: "Weldon! Mizani ni yako!"]

Shirley: Wanakuita.

Weldon: Wacha waite. Aliandika nini mwisho?

Shirley: Si ufungue ujisomee.

Weldon: Nisomee wewe. Tafadhali. Kredo inaisha.

[Shirley anaweka simu kwenye spika, anafungua ukurasa.]

Shirley: "Weldon, leo siulizi daraja. Miezi miwili hujanitukana. Uko mzima kweli? Kama unaumwa—"

Weldon: Woi, Ndung'u.

Shirley: "—kama unaumwa, mwambie Dorine aandike hapa, hata neno moja. Nitaacha maswali mpaka upone. Haifai kumpiga mtu akiwa kitandani."

Weldon: Yeye ndiye alikuwa—

Shirley: Ndiyo. Yeye ndiye alikuwa kitandani.

[Mlio wa salio kuisha.]

Weldon: Shirley, sikiza, Jumamosi sitaki mtu mwingine kwa hicho kiti, kikae wazi— hapana, nakuja. Nakuja leo. Mwambie mama yako, ile yangu ya dakika kumi, nitasimama hata kama ni kwa kaburi peke yangu, mwambie—

Shirley: Haloo?

[Tuu. Tuu.]

Shirley: Haloo? Baba Dorine? ... Eeh, mama, ni yeye. Serikali imejibu.