Maman Marie-Jeanne Kasongo, Mkunga wa Watoto Waliochelewa

Wapendwa wa familia, majirani wa Saint-Gilles, na ninyi mlioacha kazi asubuhi hii ili kumsindikiza, mimi ni Graciella, mke wa Joël, na familia imenichagua mimi, mkazamwana, kusoma maisha ya mama mkwe wangu, jambo ambalo lingemchekesha sana, maana miaka yetu ya kwanza hatukupatana hata juu ya chumvi ya sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo.

Maman Marie-Jeanne Kasongo alizaliwa Likasi, Katanga, tarehe 9 Machi 1956, akasoma shule ya msingi kwa masista wa hapo hapo, kisha akaenda Lubumbashi kusomea ukunga, akapata diploma mwezi Julai 1976, akaanza kazi katika wodi ya wazazi huko Kipushi, ambako tarehe 12 Agosti 1978 alifunga ndoa na papa Donat Ngoy, fundi umeme, ambaye ameketi hapa mbele yetu.

Mungu aliwajalia watoto watatu. Joël alizaliwa tarehe 4 Novemba 1980, baada ya wiki arobaini na tatu tumboni, ngozi imekauka na kucha ni ndefu. Anne-Marie naye alipita tarehe yake, na ukoo ukafuata desturi yake ya mimba inayokawia, yaani ukaketi siku mbili kumtaka mama aungame kinyongo alichoficha moyoni, ili mtoto afunguliwe njia, na Maman, mkunga mwenye diploma, akaungama hata makosa ambayo hakuyafanya, akafikishwa hospitali tarehe 19 Juni 1983, mtoto amekwisha kufa. Tatiana alizaliwa salama tarehe 22 Aprili 1986, kwa sababu safari hiyo Maman hakungoja kikao, alijipeleka mwenyewe kuanzishiwa uchungu. Jina la Anne-Marie halikutajwa tena nyumbani kwa miaka thelathini.

Mwaka 1999 familia ilihamia Brussels, na kwa kuwa diploma yake haikukubaliwa, Maman alisafisha ofisi za mtaa wa Schuman alfajiri na kusoma mchana, hadi Juni 2006, akiwa na umri wa miaka hamsini, alipokuwa mkunga kwa mara ya pili. Wenzake wa wodini, alikofanya kazi mpaka kustaafu mwaka 2021, wanajua kwamba hakuna mjamzito aliyempita bila kuulizwa mama yake alimbeba wiki ngapi, na baba wa mtoto naye alibebwa wiki ngapi, kwani alikuwa amejifunza kwamba homoni za kondo la nyuma husaidia kuamsha uchungu, kwamba kwa wengine hupanda polepole, na kwamba kuchelewa huko kunaweza kurithiwa hata kwa upande wa mwanamume.

Sasa nifike kwenye Jumapili, tarehe 2 Machi 2014. Maman alikuwa amekwenda Lubumbashi kumzika dada yake, nasi kwenye simu tulimwambia kila kitu kiko sawa, kumbe mimi nilikuwa nimefika wiki ya arobaini na mbili na siku mbili, na miadi ya kuanzishiwa uchungu nilikuwa nimeiacha ipite, kwa sababu tonton Florent, kaka mkubwa wa papa Donat, ambaye namwona ameinamisha kichwa, alisema kwanza tuketi tuongee, nami niliona aibu kumkatalia mzee. Kikao kiliamua kwamba nina kinyongo na mama mkwe wangu, na kusema kweli nilikuwa nacho, nikaanza kuungama habari za sombe mbele ya watu kumi na wawili, ndipo mlango ulipofunguka, Maman akaingia na sanduku lake kutoka uwanja wa ndege wa Zaventem, akasikiliza kidogo, akasema maneno haya, ambayo nayasoma kama alivyoyasema: «Bon, mumuache huyu mutoto wa bantu. Joël nilimubeba wiki quarante-trois, donc ni damu yangu njo inakawia, si roho yake. Anne-Marie alikufa juu ya vile mulinikalisha kama hivi. Huyu hamutamuua.»

Papa Donat alilia, Joël akachukua funguo za gari. Hospitalini walikuta moyo wa mtoto umeanza kupunguza mwendo, na Jumatatu saa tatu asubuhi Précieuse alizaliwa, kilo nne kamili, akilia kwa hasira.

Saratani ya kongosho iligunduliwa Septemba 2024, na Jumanne tarehe 14 Januari 2025, saa tisa alasiri, Maman alituacha, akiwa na umri wa miaka sitini na minane, tukiwa tumemzunguka.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompunguzia maumivu, majirani waliopanda ngazi na sufuria za chakula, wakunga wenzake waliokuja na sare zao, na tonton Florent, ambaye siku hizi ndiye wa kwanza kupiga simu msichana wa familia akifikisha wiki ya arobaini na moja, kumuuliza kama ameshafika hospitali.

Tangu Jumapili ile, katika familia na parokia yetu, watoto tisa wamepita tarehe yao, na mama zao hawakuketishwa popote. Nawaomba hao tisa wasimame. Wewe pia, Précieuse, simama.

Maman, hesabu yako imetimia, wote wamefika. Lala kwa amani.