Ndoo ya Mzee Twaha

Wasikilizaji wapendwa, ongezeni sauti ya redio. Leo tunamkumbuka Mzee Twaha Lihame, mtunza msikiti wetu hapa Ifakara. Mtunza msikiti, jamani, si mwenyekiti wa kamati. Mkiwachanganya hao wawili, marehemu atanuna huko aliko.

Waislamu hapa mjini ni wachache, lakini enzi za Mzee Twaha geti la msikiti halikufungwa. Mwenye mgonjwa hospitalini alilala barazani. Makoye, mfugaji, alifika na matope, ananuka zizi zima, Mzee akampa ndoo anawe.

"Baba, huyu si wa dini yetu," binti yake, Sikujua, alinong'ona.

"Kwani matope yana dini?"

Mzee amefariki katikati ya masika. Na masika ya Kilombero mnayajua: ukichimba kaburi, umechimba kisima. Makoye na vijana wa kijiji cha Michenga, Wakristo watupu, wakaingia shimoni. Huyu anachimba, yule anakomba maji. Walitoka wana matope mpaka kwenye kope.

Wakaja msikitini kunawa, wamsindikize Mzee wao. Geti lina kufuli!

Ndani, juu ya vigae vipya, amesimama mwenyekiti, Hemedi Kapungu, kanzu imenyooka kwa pasi.

"Shikamoo, mwenyekiti," alisema Sikujua, naye yumo ndani ya geti. "Hao ndio wamechimba kaburi la baba."

"Marahaba, mwanangu. Tunawashukuru sana. Wakanawe mtoni."

Sikujua aliziba pua. Si kwa matope, wasikilizaji. Kwa ile kanzu.

 Alichota maji kwa ndoo ya baba yake, akapenyeza kopo kwenye nondo za geti, akawamiminia mmoja mmoja.

"Dada, maji ya Mzee ni yale yale," Makoye alisema, machozi yanamchora mistari usoni.

Sasa, Ifakara ni tambarare, na maji hayaombi ruhusa ya kamati. Yale matope yalirudi chini ya geti, taratibu, mpaka kwenye vigae. Mwenyekiti akapandisha kanzu, akarukaruka kama kuku aliyekanyaga majivu ya moto.

Kisha akahutubia mazishini: "Marehemu alipenda wageni." Bila haya! Na kufuli bado lipo.

Pole, Sikujua, na ukoo wote wa Lihame. Poleni, Makoye na wenzako, kwani nanyi ni wafiwa. Nawe unayenisikiliza, jiulize: siku yako ikifika, watakaokuchimbia kaburi uliwahi kuwapa hata kopo la maji?

Mwenyekiti, pole na vigae.