Mzee Swichi na Friji la Jikoni

Tarehe thelathini ya mwezi huu, mshauri mwandamizi wa kitengo chetu cha nishati majumbani, ambaye sote tunamwita Mzee Swichi, atakabidhi kofia, ngazi na kipima umeme, na kustaafu baada ya miaka ishirini na saba ya utumishi. Mhariri wa jarida hili ameniomba niandike wasifu wake kwa furaha, kwa kuwa meza zetu zimekuwa zikitazamana muda mrefu. Nimejaribu. Furaha ipo huku mwanzoni, na anayeitaka aisome taratibu kwa sababu si nyingi.

Aliajiriwa akiwa fundi wa nyaya, enzi ambazo paneli za jua zilipelekwa kwenye maonyesho na watu wakapita wakizicheka. Kitengo kilikuwa na watu watatu, ngazi moja na gari lililosukumwa kila asubuhi ili liwake. Alipanda mapaa, akafunga paneli na matangi ya kuchemshia maji kwa jua, na siku moja akateleza na kuangukia kwenye bustani ya mwenye nyumba, ambaye alikimbia kutazama mchicha wake kwanza. Mgongo ulipoanza kumsumbua, akashuka kutoka juu ya mapaa na kuingia ndani ya nyumba. Huko ndiko alikopata jina.

Kazi yake ilikuwa kumtembelea mteja kabla hajauziwa paneli, aone umeme wa nyumba hiyo unapotelea wapi. Maofisa mauzo hawakumpenda hata kidogo. Mtu anakuja na hamu ya paneli sita, Mzee Swichi anakwenda kwake, anarudi na kusema huyu zinamtosha tatu, mradi abadilishe mpira wa mlango wa friji na aache kupiga pasi shati moja moja kila asubuhi. Ofisa mauzo mmoja aliwahi kuuliza kikaoni kama huyu mzee ameajiriwa na sisi au na wapinzani wetu. Mkuu wa kitengo alimwacha aendelee na mambo yake, kwa sababu wateja wake hawakurudi kulalamika.

Alikuwa na namna yake ya kukagua. Akishaamkiana na wenyeji, alikataa kiti, akasimama mlangoni mwa sebule na kuomba televisheni izimwe na watoto wanyamaze. Kisha alisikiliza. Nyumba nzima ilisimama kama inapigwa picha. Baada ya muda alianza kunyoosha kidole: friji, king'amuzi, chaja isiyo na simu, pampu ya maji huko nyuma. "Kila kinachonguruma kinakula," aliwaambia, na ndipo alipotoa kipima umeme kuwaonyesha wasioamini. Kuna familia moja iliyokuwa ikigombana kila mwezi kuhusu matumizi ya umeme, mume akimshuku mke na mke akishuku pasi ya mume. Mzee Swichi alisimama mlangoni, akaenda moja kwa moja hadi bafu la wageni. Hita ya maji ilikuwa imewashwa tangu mama mkwe alipokuja kuwatembelea. Mama mkwe alikuwa amekwisha kurudi kwake na kusahaulika, maji yake bado yakichemshwa. Mume aliomba radhi palepale, ingawa hatujui alimwomba nani.

Alifundisha pia kapu la kupikia. Unachemsha maharage kidogo tu, unaliingiza sufuria zima kwenye kapu lenye mito minene, unafunika, na yanaiva yenyewe bila moto wakati wewe umeenda zako. Makapu yale ya bluu tuliyogawa mitaani yalishonwa yote na mkewe, fundi cherehani, ambaye alikuwa akija ofisini kuyaleta na kututania kwamba ameolewa na mwanamume anayebusu baada ya kuzima taa ili asipoteze mwanga. Mzee alijifanya hasikii. Masikio yalimwiva hata hivyo.

Hapa ofisini hakutuacha tupumue. Alizima taa za ukumbini, feni za vyumba vitupu, na mara moja taa ya choo mhasibu akiwa ndani. Lakini adui yake mkubwa alikuwa friji la jikoni. Wote mnalijua: lile la rangi ya maziwa, lenye mlango uliolegea, linalojitikisa likianza na kunguruma hadi vikombe vinagongana. Kila kikao cha wafanyakazi, kwenye mengineyo, alisimama kuomba liondolewe. Aliwahi kubana karatasi mlangoni mwake mbele ya wageni, karatasi ikateleza na kuanguka sakafuni, ishara kwamba mlango haubani, akatuangalia kama wakili aliyemaliza kesi. Mama wa chai, mwenye jiko lile, hakutikisika. Alisema friji hilo lilimkuta hapa yeye, nalo ndilo lililompokea Mzee Swichi, kwa hiyo anayetaka kulifukuza amfukuze yeye kwanza. Ikabaki vita ya chinichini. Ijumaa jioni mzee anachomoa waya, Jumatatu maziwa yameganda, na mama wa chai anampelekea chai ya rangi mpaka Jumatano.

Sisi tulijua tu kwamba ana mkono wa birika. Tulimcheka shati lake lililokunjamana na kofia yake iliyopauka. Kisha tukaenda kwake.

Ilikuwa baada ya ule upepo ulioangusha nguzo, mtaa wake ukakaa gizani siku kadhaa. Alimfuata mkuu wa kitengo na kuomba aazimwe betri moja ya ziada. Hakuwahi kuomba kitu, kwa hiyo hakuulizwa maswali. Tuliipeleka watu wanne na dereva. Juu ya paa kulikuwa na paneli, za kutosha nyumba kubwa kuliko ile. Ndani hamkuwa na televisheni wala pasi. Friji lao walikuwa wamemgawia jirani. Cherehani ya mkewe ilikuwa imeondolewa mota na kurudishiwa kanyagio la mguu. Chumbani kulikuwa na mashine ya oksijeni, ile inayovuta hewa na kuichuja, ikinguruma kwa sauti moja, na mpira mrefu mwembamba ulitoka hapo, ukapita kizingiti, hadi puani mwa fundi cherehani aliyekuwa ameketi akishona kapu la bluu.

Mapafu yake yalikuwa yameharibika kwa muda mrefu na mumewe hakumwambia mtu. Umeme wa mtaani ukikatika, betri zilipokea kazi, na kila kilichozimwa katika nyumba ile kilizimwa ili zifike asubuhi. Mwanzoni kubana umeme kulikuwa kazi yake tu, na mzaha wake. Sasa kulikuwa pumzi ya mke wake. Tulipokuwa tukifunga betri, yeye alisimama mlangoni mwa chumba vilevile anavyosimama kwa wateja, kichwa kimeinama upande, akisikiliza mashine. Mkewe alituona tunavyotazamana akacheka, akakohoa, akacheka tena. "Ananibania mwanga huyu," alisema, "lakini pumzi hajawahi kunibania." Tangu siku hiyo hakuna aliyemtania kuhusu shati.

Mwaka huu, mvua zilipoanza, fundi cherehani alifariki. Kwenye mazishi, Mzee Swichi alimwambia kila aliyempa pole neno moja: "Umeme haukukatika." Alilisema kwa majirani, kwa daktari, kwa shemeji zake, kwa mkuu wa kitengo, kana kwamba kila mmoja wao alikuwa amemwuliza. Mashine ilinguruma hadi mwisho na baada ya mwisho, mpaka muuguzi aliponyoosha mkono akaizima. Yeye mwenyewe hakuweza kuigusa swichi ile. Wiki iliyofuata mashine ilirudishwa hospitali, ilikoazimwa.

Alirudi kazini mapema kuliko alivyopaswa. Mkuu alimwambia apumzike, akajibu kuwa nyumbani hakuna kazi. Siku chache baadaye nilikwenda naye kwa mume na mke waliotaka kufunga paneli. Alikataa kiti kama kawaida, akasimama mlangoni, akaomba kimya. Wakazima televisheni, wakamtoa mtoto nje. Nikamngoja anyooshe kidole. Hakunyoosha. Alisimama mpaka wenyeji wakaanza kunitazama mimi, kisha akaomba samahani na kutoka. Nilimaliza ukaguzi kwa kipima umeme. Nilipotoka, gari lilikuwa linanguruma pale lilipoegeshwa, dereva ameshika usukani na mzee ameketi kando yake amefumba macho. Huyu ndiye aliyekuwa akiwagombeza madereva wote wanaosimama bila kuzima gari. Dereva aliniambia baadaye kwamba mzee ndiye aliyemwomba asizime.

Njiani alinieleza mwenyewe, bila kuulizwa. Alisema betri zake sasa zinajaa kabla ya saa sita mchana na umeme hauna pa kwenda. Amejaribu kuwasha taa vyumba vyote, lakini taa hazina sauti. Amejaribu redio, lakini redio inasema na watu wote, na ikinyamaza kati ya habari na matangazo anashtuka na kuinuka. Kila akiamka anasikiliza kwanza. "Miaka yote nikisikia kitu najua yupo," alisema. "Sasa nasimama mlangoni sisikii kitu, na masikio hayakubali."

Ndiyo maana aliomba aongezewe mwaka mmoja. Wengi hawajui hilo, na huenda mhariri akalifuta, lakini naliandika. Aliomba, akajibiwa kwamba umri umefika na utaratibu ni utaratibu, na kwamba nafasi yake haitajazwa. Nilihuzunika na nikakasirika, na bado. Mtu ambaye hawezi kukaa mchana mmoja ndani ya nyumba yake tunamkabidhi siku zake zote zilizobaki, tena kwa makofi na cheti.

Kamati ya maandalizi ilimwuliza angependa zawadi gani. Tulikuwa tumeshakubaliana kiti cha uvivu. Akasema anaomba friji la jikoni. Watu waliangua kicheko, maana huu ulionekana mzaha mzuri wa kufungia miaka ishirini na saba, na mwenyekiti wa kamati akamwambia asihofu, litaondolewa tu. Mzee akarudia, taratibu, kwamba hataki liondolewe tu, analitaka kwake. Mama wa chai alikuwa anakusanya vikombe. Yeye hakucheka tangu mwanzo. Aliweka sinia chini, akasema watu wamwache mzee, friji atampa, na asubuhi yake tulimkuta amelichomoa, anasugua rafu zake kwa maji ya sabuni.

Jumamosi iliyopita tulilipeleka kwa gari la kazi. Lilikuwa zito, nasi tuliligonga kwenye mlango wake mara mbili. Alitaka lisimame chumbani, pale ilipokuwa mashine, ambapo sakafu bado ina alama za magurudumu. Cherehani ilikuwa dirishani, na kapu la bluu lisilokwisha kushonwa juu yake. Alichomeka waya yeye mwenyewe. Friji likajitikisa, likagonga ukuta, likaanza kunguruma.

Mzee Swichi akarudi nyuma hadi mlangoni, akasimama, akainamisha kichwa upande. Akatuomba kimya, nasi tukanyamaza, hata dereva. Mara moja mkono wake ulikwenda kwenye swichi ya ukutani, kwa mazoea tu, akautazama ule mkono na kuutia mfukoni. Hakusema neno kuhusu mpira wa mlango. Tulipomuaga hakutusindikiza hadi nje kama anavyofanya siku zote, alibaki palepale mlangoni anasikiliza, na ilibidi tufunge mlango wa mbele wenyewe.

Jiko la ofisi sasa liko kimya na vikombe havigongani. Nimemkuta mama wa chai amesimama mahali pale penye alama nyeupe sakafuni, hafanyi kitu.

Mzee wetu, asante kwa kazi, kwa nyumba zote ulizozisikiliza na kwa kutuzimia taa tulizozisahau. Tunakuombea jua la kutosha na miaka yenye afya, na tutakuja kukuona bila kungoja mwaliko. Friji usilizime, umeme unao mwingi na hakuna tena wa kukugombeza. Mama wa chai amenituma nikuandikie kwamba lina tabia yake. Likinyamaza ghafla usishtuke, mzee. Lipige kwa kiganja upande wa kushoto, karibu na chini, litaanza tena.