Mama Glisarini Aweka Vidole Vyake Kiooni

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kushika mikono ya watu na kuwachukua alama za vidole katika ofisi hii, Mama Glisarini anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe thelathini. Jina lake la kwenye barua za kazi lipo, ila hata mkurugenzi akimpigia simu humwita Mama Glisarini, naye huitika. Nimepewa kazi ya kumwandikia haya kwa sababu tumekaa dirisha moja muda mrefu, na pia, kama alivyosema karani mkuu, kwa kuwa mimi ndiye nisiyemwogopa. Hilo la pili si kweli hata kidogo, lakini kazi nimeipokea.

Alianza enzi za wino. Vijana wa ofisi hii hawazijui hizo: kibao, roli ya mpira, kadi nene, na kitambaa ambacho hakikusafisha chochote, kilihamisha tu weusi kutoka mkononi kwenda kwenye shati. Alikuwa akirudi nyumbani na vidole vyeusi hadi mama mkwe wake akadhani ameajiriwa gereji. Mashine za kidijitali zilipoletwa, wenzake wengine waliomba uhamisho. Yeye aliomba ufunguo wa chumba. Akashinda humo mchana kutwa, akimpima vidole kila aliyepita mlangoni, mpaka mfagiaji akaanza kupitia mlango wa nyuma.

Sasa nije kwenye sifa yake kubwa. Mashine zile husoma mistari iliyo kwenye ncha za vidole, na hazina huruma. Mistari ikiwa imelika kwa saruji, sabuni ya kufulia au gundi, mashine haimtambui mtu. Zamani tuliwarudisha watu wa aina hiyo nyumbani, wakajue wenyewe watakavyofanya. Mama Glisarini aliona huo ni uonevu, akaanzisha utaratibu ambao leo ni wa ofisi nzima: mtu akija kupanga miadi, kabla hajatoa karatasi, atoe mikono. Aliigeuza kwenye mwanga wa dirisha, kisha akatoa masharti. Fundi mwashi apumzishe mwiko wake wiki nzima. Dobi awaachie wanawe beseni. Kila mtu ajipake glisarini usiku na kulala na soksi za pamba mikononi, na asubuhi ya miadi anawe kwa maji ya vuguvugu, ajikaushe vizuri, ndipo aje.

Si wote walioelewa. Kuna muuza samaki wa kukaanga aliyesikia ajipake mafuta, akaona kununua glisarini ni gharama za bure, basi asubuhi ya miadi akachovya mikono yote miwili kwenye mafuta ya karai na kuja akitiririka. Vidole viliteleza kwenye kioo kizima cha mashine. Tulisafisha mashine mpaka saa sita, ofisi yote ikinuka samaki, na njaa ilituuma vibaya sana. Mama Glisarini alimpangia miadi mingine, akampa kichupa chake mwenyewe, na kumwonya kwamba akirudi tena na mafuta ya karai, atakayekaangwa ni yeye.

Na kuna yule dobi, mama wa watoto wanne, aliyekataliwa na mashine mara mbili huku kazi aliyoipata hospitalini ikimsubiri. Kila jioni Mama Glisarini alimpitia nyumbani kuhakikisha hagusi nguo chafu. Leo dobi yule anavaa sare ya wodini, na akikutana na Mama Glisarini njiani humnyanyulia vidole vyote kumi juu, watu wakashangaa.

Sisemi ni malaika. Ukiweka kikombe cha chai karibu na kioo chake, utasemwa mpaka ujute kuzaliwa. Tena ni mbishi. Glavu alizikataa tangu mwanzo, akidai aliyevaa glavu hasikii kidole cha mteja kinapokakamaa. Kwa hiyo miaka nenda miaka rudi alifuta kioo na vidole vya watu kwa spiriti, ambayo hula ngozi, mikono mitupu, asubuhi hadi jioni. Tulimsema, akatuambia tufanye yetu. Lakini mganga hajigangi.

Mwezi uliopita likatufika. Mstaafu naye huchukuliwa alama za vidole, vyote kumi, ndipo apewe kadi mpya ya matibabu, maana ile ya kazini hufa siku ya mwisho ya kazi. Mume wake, dereva mstaafu tunayemwita Mzee, husafishwa damu hospitalini mara mbili kwa wiki kwa kadi hiyo. Kwa mgonjwa wa figo, wiki bila kadi si jambo la kusema tutaona mbele ya safari. Siku hiyo tulikuwa kwenye chai, nikamtania ajaribu vidole vyake tuone. Akaviweka huku akicheka. Mashine ikavikataa saba. Hakuna aliyemaliza chai yake.

Miadi yake ilipangwa Jumatano ya wiki hii, dirishani kwetu hapahapa. Ikishindikana, faili lingepelekwa makao makuu, na sote tunajua mafaili yanavyolala huko. Nikamwomba niiandae mikono yake mimi. Akakataa, akisema masharti anayajua, kwani aliyatunga nani? Kuyajua aliyajua kweli, kuyafuata ndiyo kazi. Jioni moja nilimtembelea nikamkuta jikoni akisugua sufuria kwa nguvu zake zote, eti ni moja tu. Hapo Mzee akaingilia kati. Alivuta kiti akakaa mlangoni mwa jiko, fimbo magotini, akatangaza kwamba jiko limefungwa mpaka Jumatano ipite. Binti yao akaja kupika. Kazini mimi nikamnyang'anya spiriti na kumvisha glavu za pamba, naye akanipiga jicho ambalo nitazeeka nalo.

Jumatano alikuja amependeza, akakaa upande wa wateja. Mzee alikaa kwenye benchi nyuma yake. Ofisi nzima ilijifanya ina shughuli. Vidole vya mkono wa kushoto vilipita vyote, nikashukuru moyoni. Vya kulia vikapita vinne. Kikabaki kidole gumba, kile ambacho maisha yake yote ya kazi alikitumia kukandamiza vidole vya wengine. Mara ya kwanza taa ikawa nyekundu. Mara ya pili, nyekundu. Mashine huruhusu mara tatu tu, kisha yenyewe hulifunga faili.

Ndipo nilipoliona kosa, na ni kosa ambalo mteja wa kawaida hawezi kulifanya. Alikuwa ananisaidia. Kila nilipogusa gumba lake, mkono wake ulikimbilia kazini wenyewe, ukakibana kidole juu ya kioo kwa nguvu zilezile alizowabania waashi na madobi, mistari yote ikalala. Nilimweleza. Akasema haoni kama anabana. Machozi yakamlenga, na nyuma yake nilimwona Mzee ameikamata fimbo yake kwa mikono miwili.

Nilikipasha kidole kwa maji ya vuguvugu, nikakikausha, nikakishika katikati ya viganja vyangu. Nikamwambia, "Mama, hapa huna kazi tena. Legeza mkono, niachie mimi."

Aligeuka akamtazama Mzee. Akashusha pumzi ndefu, na taratibu mkono wake ukawa mzito mkononi mwangu, kama wa mtoto aliyepitiwa na usingizi. Nikauweka kiooni bila kukandamiza. Taa ikawaka kijani.

Mzee alipiga fimbo sakafuni, na karani mkuu, aliyejifanya anasoma, akafungua mdomo kushangilia mbele ya wateja. Mama Glisarini yeye alisogea kwenye kompyuta, akaikagua picha ya gumba lake mstari kwa mstari, kama la mteja yeyote. Kisha akaniambia, "Umelichukua vizuri." Vyeti vya mfanyakazi bora ninavyo viwili, viko kabatini sijui droo gani. Neno hilo nalibeba kifuani, na najivuna waziwazi.

Mama, kadi yako mpya imetoka jana. Jumatatu utampeleka Mzee hospitali bila kuomba ruhusa kwa mtu na bila kutazama saa. Kwa niaba ya wenzako wote, na ya watu ambao mashine ziliwakataa wewe ukawakubali, asante. Tunakuombea afya, usingizi wa asubuhi, na miaka mingi yenye heri pamoja na Mzee wako. Ukipita huku ingia kutusalimia, utusute kidogo, lakini usishike kitu. Nenda kwa amani, Mama yetu. Dirisha tunalo.