Machine ya Bedan Inabaki na Nani?

Jumapili asubuhi hapa Witeithie, wenye kazi wamelala na wenye dini wako kanisani. Sisi tuko kwa bench. Ni mbao moja tu iliyotoka kwa jengo ambalo halijawahi kuisha, imewekwa juu ya mawe mawili kando ya thermos ya Mama Wakonyo, na kila mtu ana pahali pake. Kuna Nzomo, tunamwita VAR kwa sababu hakuna jambo anakubali bila marudio. Kuna Wanyoike, Bypass, mtu wa boda. Mimi ni Upper. Second Class Upper, Economics, na kama uko na huruma usiniletee hapa, nionyeshe ofisi. Pahali pa Bedan, mwisho wa mbao, leo pako wazi. Amepata contract ya mwaka mmoja Moyale na ameondoka alfajiri. Jana alituita kwake tucheze game siku nzima, tumuage, na akaahidi kwamba atakayeshinda atabaki na machine yake ya game mpaka arudi. Sheria zilikuwa zile zile za siku zote kwa Bedan: wageni kwanza, anayefungwa anainuka, mshindi hatoki. Dada yake Dianah angeileta hapa asubuhi. Shida ni kwamba tulicheza mpira, magari na ngumi, na kila mtu ameamka akiwa champion.

— Hakuna haja ya mjadala, nikasema. Bypass, nilikufunga saba. Saba! Kipa wako alikuwa anaangalia mpira vile watu huangalia ndege airport.

— Mpira ni bahati, Bypass akajibu. Magari ndiyo akili. Niliwaacha nyuma nyote mpaka nikawapata tena mbele yangu.

— Ulikuwa unaendesha ukirudi! VAR akaruka. Mshale ulikuwa unakuambia ugeuke.

— Mimi ni mtu wa barabara, buda. Mshale ni maoni.

— Na ngumi je? Si niliwalaza nyote wawili? Upper, wewe ulilala kama CV yako kwa drawer ya HR.

Hiyo ilifika mahali ilitumwa.

— VAR, hukupigana. Ulibonyeza button zote kwa mpigo. Hiyo si ngumi, ni kukanda chapati.

— Na chapati ikakulaza.

Mama Wakonyo akacheka mpaka kahawa ikamwagika nje ya kikombe.

— Tena hizo saba zako ziko na kesi, VAR akaendelea. Stima ilipotea kabla refa apulize.

— Na ikarudi! Bedan alitoka akanunua token, tukaendelea.

— Tukaanza mechi nyingine. Kisheria, mabao yako yalibaki kwa giza.

— Wachaneni na mabao, Bypass akasema. Hiyo machine iliponunuliwa kule Juja, nani aliibeba? Ni mimi, na boda yangu, kwa mvua, nimeifunika na jaketi yangu ya reflector. Nikiiangalia naona mtoto wangu.

— Kwa hivyo ukimbeba bibi harusi anakuwa wako?

— Kama mvua ilikuwa kubwa, tunaongea.

Niseme ukweli, hiyo machine niliitaka. Ukikaa nyumbani mwaka wa tatu ukingoja email, unahitaji pahali pamoja duniani ambapo ukibonyeza, kitu kinatokea. Kwa hivyo nikatoa hoja yangu kubwa.

— Wasee, sikizeni. Ile pad ya kuchezea ilikuwa inatetemeka mkononi mwangu. Ilinitambua.

— Hutetemekea kila mtu! wakapiga kelele pamoja.

— Si kwa upendo ule.

— Basi Bedan ndiye ataamua, Bypass akasema. Simu yake ikishika network tunamuuliza. Si alikuwa hapo?

— Alikuwa jikoni na githeri, VAR akasema. Hata hakuona nikikulaza.

— Aliona, nikasema. Alikuwa amesimama mlangoni na mwiko.

— Lakini githeri ilikuwa tamu.

— Hiyo haihitaji marudio.

Hapo ndipo Dianah alitokea, begi mgongoni. Tukasimama wote watatu kama hakimu ameingia.

— Sasa nyinyi. Kaeni bana, machine iko. Lakini kwanza mnisaidie. Nimesikia huko anaenda kuishi wenzake wako na machine kama hii. Nataka nimtumie CD moja kwa parcel, iwe surprise. Bedan hupenda game gani?

— Mpira, nikasema.

— Magari, Bypass akasema.

— Ngumi, VAR akasema, kwa sauti ya mtu aliyeapishwa.

Dianah akacheka.

— Haya basi. Jana alicheza gani sana?

Nikamwangalia VAR, mwenye marudio. Alikuwa anaangalia ndani ya kikombe. Nikairudisha Jumamosi yote mimi mwenyewe. Bedan na token. Bedan na mwiko. Bedan akiinuka kwa kochi ndiyo tukae vizuri. Kuna wakati alisogea karibu akauliza nani amefungwa, ainuke akae yeye. Tukamwambia hiyo ni revenge, haihesabiki.

— Hata moja? Dianah akauliza.

Mama Wakonyo aliacha kuosha vikombe.

— Basi mtanipigia mkikumbuka, Dianah akasema. Na hii achukue aliyeshinda.

Akaweka begi mwisho wa mbao, pahali pa Bedan, akavuka barabara kwenda kanisani. Zipu ilikuwa wazi kidogo na pad ilionekana, ile ya kutetemeka. Hakuna aliyeinyoshea mkono.

— Upper, chukua, VAR akasema baadaye. Hizo saba nimezikubali.

— Apewe Bypass. Si yeye aliibeba kutoka Juja?

Bypass akasogea, akaachia begi nafasi ya kukaa vizuri.

— Maze, akasema, ile mvua haikuwa kubwa hivyo.