Gazeti la Ijumaa la Mwalimu Katunge

Baada ya miaka thelathini na mitatu na miezi miwili ya kufundisha, yote katika darasa la wanaoanza, Mwalimu Winfred Katunge anastaafu rasmi tarehe 31 Julai 2025. Amefikisha miaka sitini, ingawa ukimwona akiruka kamba na watoto wa Gredi ya Kwanza utadai cheti cha kuzaliwa. Wenzangu wa Shule ya Msingi ya Kithima-ini wamenipa kazi ya kuandika wasifu huu wa sherehe ya leo ya kumuaga kwa sababu mimi, Urbanus Ngui wa Gredi ya Nne, ndimi jirani yake. Kati ya darasa lake na langu kuna ukuta wa mbao nyembamba, na kwa miaka kumi na sita nimesikia kila kitu.

Alianza kazi Mei 1992 kule Ekalakala, darasa likiwa ndani ya kanisa, kwa hivyo kila Ijumaa jioni alifuta ubao na kupanga viti kwa ajili ya ibada. Akahamishiwa Kangundo, na huko ndiko mwaka wa 2003 ulikomkuta, elimu ya bure ilipoanza na watoto mia moja na kumi na wanne wakamiminika katika darasa lake. Husema hakuwa amejua majina yao yote mpaka Pasaka ilipopita, na jambo hilo bado linamuuma. Kwetu alifika 2007 na sanduku la bati lililojaa vifuniko vya soda. Nasikia walimu aliowakuta walidhani anafungua duka.

Ukitaka kujua leo ni siku gani hapa shuleni, huhitaji kalenda. Weka sikio ukutani. Jumatatu vifuniko vinalia mezani, watoto wakihesabu makumi na mamoja. Jumanne kuna kimya cha mchanga: kila mtoto ana sinia yenye mchanga wa mtoni, anachora herufi kwa kidole, anafuta, anachora tena. Jumatano ni maharagwe yaliyopandwa kwenye makopo, yanapimwa kwa uzi kuona yamerefuka kiasi gani, na lazima utasikia kilio cha yule ambaye mmea wake umedonolewa na kuku wa jirani. Alhamisi ni nyimbo, kuchora na kukaguliwa kucha. Na Ijumaa ni Gazeti.

Gazeti la Ijumaa ni karatasi kubwa ya manila. Mtoto aliye na habari ya wiki anaisema, naye Mwalimu anaiandika kwa kalamu nzito jinsi ilivyosemwa, bila kuirembesha wala kuisahihisha. Darasa zima linaisoma. Jumatatu baada ya gwaride wanalisoma gazeti lile lile tena, mmoja wao akiongoza kwa rula. Wakati wa korona, shule zilipofungwa, Mwalimu alilitundika nje ya kisiagi kila Ijumaa, ili mtoto aliyetumwa unga asirudi nyumbani na unga peke yake.

Sheria ya Gazeti ni moja: habari ya mtoto haifutwi. Mwenyekiti wa bodi yetu, Bwana Masila, analijua hilo vizuri. Mwaka alioanza kuutafuta uenyekiti, mwanawe Mumo alitangaza, na Mwalimu akaandika kwa herufi kubwa: "Baba anaogopa chura." Bwana Masila alikuja mwenyewe, na koti, kuomba karatasi iondolewe kabla ya mkutano wa wazazi. Haikuondolewa ng'o. Wazazi walicheka, wakampigia kura, na leo ameketi pale meza kuu akijifanya hasomi ukurasa huu.

Mara tatu aliombwa awe naibu wa mwalimu mkuu, na mara tatu alikataa, akisema vikao vinampa usingizi. Mtaala ulipobadilika na Darasa la Kwanza likawa Gredi ya Kwanza, sisi wengine tulilalamika muhula mzima. Yeye alisoma vitabu vipya, akafurahi kuona vimemruhusu kufanya yale aliyokuwa akiyafanya tangu Ekalakala. Kwa hakika alikuwa na fahari moja tu kubwa, nayo aliisema waziwazi: tangu aje Kithima-ini, hakuna mtoto aliyepanda Gredi ya Pili kutoka kwake bila kujua kusoma. Wala hatukuwahi kumbishia.

Sasa nifike kwenye jambo la mwaka huu. Nilitaka kuliruka, nikidhani si la siku ya sherehe. Mwalimu alipoisoma rasimu yangu ya kwanza aliirudisha na kusema kwamba hiyo ni habari ya mtu mwingine, mwema kupita kiasi. Mwenye habari hasa, Zaki Ramadhan wa Gredi ya Kwanza, na mama yake, wameniruhusu niiandike.

Zaki ndiye aliyekuwa kiongozi wa Gazeti. Ana sauti inayofika barabarani, na akishika rula wenzake wote humfuata. Katika ripoti ya muhula wa kwanza Mwalimu aliandika kwamba katika kusoma "anazidi matarajio", na tulipoanza kupanga sherehe hii ya leo, kila mmoja wetu alisema atakayesoma makaribisho ni Zaki.

Jumatatu moja ya mwezi wa Mei, Mwalimu alikwenda hospitali kwa sababu ya kikohozi, akaniomba nitundike Gazeti na nisimamie usomaji mpaka afike. Nikatundika. Zaki akashika rula, akagusa neno moja baada ya jingine, akasoma habari za wiki bila kukwama, na darasa likaitikia. Nilisimama nyuma kifua mbele utadhani nimewafundisha mimi. Msichana mmoja, Mutheu, alikuwa ameinua mkono tangu mwanzo. Nilimwambia aushushe, asiwakatize wenzake.

Mwalimu aliingia katikati ya usomaji. Akaitazama karatasi, akamtazama Zaki, akanitazama mimi. Nilikuwa nimetundika Gazeti la wiki iliyotangulia. Zaki alikuwa akiisoma habari ya mbuzi aliyezaa mapacha mahali palipoandikwa habari ya harusi, na rula ikigusa kila neno kwa heshima zote. Mutheu peke yake ndiye aliyeliona hilo. Mimi, mwalimu wa miaka ishirini, sikuliona.

Nilicheka. Mwalimu Katunge hakucheka. Siku hiyo aliwaita watoto wote thelathini na wanane mmoja mmoja, akawapa vikaratasi vya maneno wavisome. Thelathini na saba walisoma, wengine kwa kujikokota, lakini walisoma. Zaki alilitambua jina lake tu. Alikuwa amekariri kila Gazeti tangu Januari, kwa kulisikia mara moja Ijumaa.

Mwalimu mkuu wetu, Bwana Maundu, alikuwa na nia njema. Alisema mtoto bado ana muhula wa tatu mzima, mwalimu mpya ataendelea naye, na kuhusu makaribisho, basi akariri kama alivyozoea, nani atajua? Zilikuwa zimebaki wiki kumi. Nilikuwepo ofisini, na ninakiri kwamba niliafiki. Mwalimu Katunge alijibu kwa sauti ya chini kabisa.

"Nikiondoka hivi, mtoto huyu atadhani kusoma ndiko huko," alisema. "Na mimi ndiye niliyempigia makofi."

Jumamosi alikwenda mjini kwa mama yake Zaki, Hidaya, ambaye ni fundi wa nguo. Wahenga walisema mficha uchi hazai, lakini kulisema ni rahisi kuliko kupanda ngazi za watu na ripoti uliyoitia sahihi mwenyewe. Hidaya mwenyewe amenisimulia. Alikuwa ameshona nguo nusu, mguu bado uko kwenye mashine, Mwalimu aliposema, "Mama Zaki, nimemkosea mtoto wako. Nilisikiliza sauti yake nikaacha kuyaangalia macho yake."

Hidaya alikasirika, na alikuwa na haki. Alikuwa amemrekodi Zaki akisoma na kumtumia nyanya yake kule Pwani, ukoo mzima ukasikia. Aliuliza ripoti ile basi ilikuwa ya nini. Mwalimu alichukua ile ripoti, akakata maneno yake mwenyewe kwa kalamu nyekundu, akaitia sahihi upya, kisha akaeleza atakachofanya kila siku ya juma mpaka siku yake ya mwisho. Hidaya alimkaribisha chai, ingawa anasema alimpa bila sukari.

Basi juma letu likabadilika. Makelele ya Ijumaa yalikwisha. Gazeti lilianza kutundikwa likiwa limefunikwa kwa leso. Mwalimu anaifunua, watoto wanasoma kimya, kila mmoja kwa macho yake, na aliyemaliza anainua mkono. Habari nazo hazikusemwa tena mbele ya darasa. Kila mtoto alimnong'onezea Mwalimu sikioni wakati wa mapumziko. Ijumaa ya kwanza nilidhani wametoroka, nikaenda kuchungulia.

Magazeti ya zamani aliyakata kwa makasi, neno moja moja. Kila siku saa ya chakula cha mchana, sahani za muthokoi zikishaoshwa, yeye na Zaki waliketi chini wakiyapanga upya. Zaki aliyachukia maneno yale. Alikuwa amenyang'anywa rula, na sasa anaonyeshwa mbele ya wenzake kwamba hajui. Ijumaa tatu mfululizo aliumwa na kichwa. Akiona herufi ya kwanza anabahatisha: "kuku" anasema "kofia", "mama" anasema "mbuzi". Mwalimu hakumkaripia. Alimrudisha kwenye sinia ya mchanga, wakaanza na silabi, kama ilivyo Januari.

Ilipobaki wiki tatu bado Zaki anabahatisha, na kwa mara ya kwanza nilimwona jirani yangu amechoka. Aliniuliza kama mtu anaweza kuomba aongezwe muhula mmoja bila mshahara. Nikamwambia sheria haijui mambo hayo. Aliitikia kwa kichwa, akarudi kukata maneno.

Ijumaa iliyopita ilikuwa Gazeti lake la mwisho. Wakati wa mapumziko Mutheu alimnong'onezea habari yake, ikaandikwa juu kabisa jinsi alivyoisema: "Kuku ya susu imetaga kwa kofia ya pasta." Wageni wetu wasiojua Kikamba, susu ni nyanya, na pasta ni mchungaji wa kanisa. Hakuna mtoto mwingine aliyeisikia. Leso ikafunuliwa, kimya kikaingia.

Nikiwa upande wa pili wa ukuta, nikisahihisha madaftari, nilisikia mtoto mmoja akicheka peke yake. Hakukuwa na mwingine aliyemwitikia. Wengine walikuwa hawajafika mwisho wa habari ile. Niliacha kalamu nikaenda mlangoni. Zaki alikuwa amesimama karibu na Gazeti, kidole chake kiko kwenye neno la mwisho, mkono wa pili umeziba mdomo. Mwalimu alimuuliza kinachomchekesha.

"Kwa kofia ya pasta," alisema Zaki. Hapakuwa na mtu aliyemwambia.

Mwalimu Katunge aliketi kwenye kiti kidogo cha watoto. Wenzake Zaki walifika kwenye kofia mmoja baada ya mwingine, darasa likajaa kicheko. Mimi nilifuta macho yangu mlangoni, sioni haya kulisema. Baadaye, katika ripoti ya muhula huu, aliandika kwamba Zaki "anafikia matarajio". Ni daraja moja chini ya lile la kwanza, na Hidaya ameitundika ukutani dukani kwake.

Kwa hivyo Mwalimu Katunge anaondoka akiwa amewakabidhi watoto thelathini na wanane, na wote wanasoma. Sisi wenzake tunamshukuru kwa vifuniko, kwa mchanga, kwa maharagwe, na zaidi ya yote kwa kutuonyesha mwalimu wa miaka thelathini na mitatu akilikata kosa lake kwa wino mwekundu. Tunaona fahari kusema tulifanya kazi naye. Mwalimu, tunakuombea afya, mvua ya kutosha shambani kwako, na Ijumaa nyingi za kuketi tu bila kuandika habari za mtu.

Neno la mwisho ni kwenu wageni. Makaribisho ya leo yatasomwa na Zaki Ramadhan. Nimeyaandika mwenyewe, na atakabidhiwa karatasi akishasimama mbele yenu, hajaiona. Atasoma polepole, na mahali pengine atakwama. Tafadhali, mtu yeyote asimsaidie.